Samaki Sita wa Bwana Sadallah

Tandika, Temeke
14 Agosti 1994

Suleiman mdogo wangu,

Posa ya Twaha imerudi. Kaileta dereva wa Sadallah siku ya Alhamisi, imetiwa kwenye mfuko wa plastiki kama mtu anayerudisha dukani kiatu kisichomtosha, na dereva mwenyewe hakuzima hata gari. Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Sasa nakusalimu. U mzima? Wifi yangu Salma hajambo na watoto? Bati mmemaliza kuezeka? Sie huku wazima. Vitumbua vyangu vinakwenda vizuri mno, mtaa huu hakuna anayekunywa chai ya asubuhi bila mkono wangu, na wapo wanaovifuata kutoka Mtoni. Na barua hii naiandika mwenyewe, sikumtafuta mtu. Kile kisomo cha watu wazima mlichokuwa mnanichekea hakikupotea bure.

Sasa sikiliza. Wewe ndiye uliyempeleka Twaha kwa Sadallah mwaka juzi, kwa sababu mlisoma pamoja. Akapewa kazi kwenye godauni la Mikocheni, kwenye samaki wa mapambo wanaouzwa kwa wenye nyumba za Msasani. Nilijisifu mpaka watu wakanichoka, sikatai. Mwanangu anafuga samaki wa kizungu, nani mwingine Tandika ana mtoto kama huyo? Halafu Twaha akapendana na Munira binti Sadallah, tukapeleka barua ya posa mwezi wa nne. Wazee watatu, mchana kweupe, barua imefungwa kwenye leso nyeupe niliyoidarizi mwenyewe maua pembe zote nne. Wakapokea. Sadallah akafurahi, akaniletea tangi la kioo na samaki sita: wa waridi, wa buluu, wa manjano, wa kijani, wa zambarau na wa machungwa. Baraza langu likajaa watu wiki nzima. Mwenyekiti wa mtaa alikuja mara mbili, mara ya pili na wakwe zake.

Mwezi wa tano Twaha akatoka kijipele kidoleni. Kikawa kidonda. Kikazaa kingine juu yake, na kingine, vikapanda mkono kwa mstari kama shanga mpaka karibu na kiwiko. Haviumi sana wala haviponi. Sadallah akamwambia akae nyumbani apumzike. Baada ya hapo mkewe, Mwanaheri, kaenda harusini Kinondoni, na kwenye masufuria, mbele ya wanawake zaidi ya ishirini, kasema hivi, nimeambiwa na watatu waliokuwapo na wote wamesema sawasawa: "Mie mwanangu simpi mtu anayeoza mkono. Ugonjwa wenyewe mnaujua." Wiki iliyofuata ndipo mfuko wa plastiki ukaja.

Nimeufungua mbele ya jirani. Barua imo, leso haimo. Basi nimewapelekea jibu: posa ilikwenda kwa wazee, itarudi kwa wazee, na leso yangu iwemo. Mpaka hapo Munira ni mchumba wa mwanangu, watake wasitake.

Sasa wewe ni Bwana Samaki wa serikali, umesoma hadi chuo cha uvuvi Mbegani. Niambie mambo mawili. Kwanza, samaki anaweza kumpa mtu vidonda? Pili, mbona samaki wangu wanne wamekufa, na wawili waliobaki rangi inawatoka kama kanga ya mtumba?

Nikishajua, Mwanaheri atayala maneno yake mbele ya wale wale waliomsikia akiyatoa. Nitampa na maji ya kushushia.

Dada yako,
Mwajabu

*

Ofisi ya Samaki, Kigoma
6 Septemba 1994

Dada Mwajabu,

Shikamoo. Barua yako niliipata tarehe 1, treni ilichelewa kwa sababu ya njia kuharibika Tabora. Huku sote tu wazima. Salma anakusalimu sana, watoto wako shule. Dagaa mwezi huu ni wachache, upepo umekuwa mkali. Bati tumemaliza upande mmoja.

Nimesikitika sana kwa habari za Twaha. Mpe pole yangu.

Kuhusu maswali yako, nitajibu kwa utaratibu. Samaki ulionao hawakuzaliwa na rangi. Kwa asili mwili wao ni wazi kama kioo, unaona mpaka mifupa. Wafanyabiashara huwadunga sindano ya rangi, mara kadhaa kwa kila samaki mmoja, chini ya ngozi mgongoni na ubavuni. Wengi hufa ndani ya siku chache. Wanaobaki huwa dhaifu, vidonda vya sindano huingiza maradhi, na kwa kuwa sindano ile ile hutoka kwa huyu ikaingia kwa yule, mmoja akiugua huugua wengi. Rangi yenyewe hufifia baada ya miezi. Kwa hiyo wewe hukukosea kitu katika kuwalisha.

Kuhusu vidonda. Ndiyo, katika maji ya matangi ya namna hiyo kuna vijidudu vinavyoweza kuingia mwilini mwa mtu penye mkwaruzo. Vidonda hukua polepole na hupanda mkono kama ulivyoeleza. Haviambukizi mtu kwa mtu. Vinatibika, ila dawa ni ya miezi. Mpeleke kwa daktari wa ngozi na umwambie waziwazi kwamba alikuwa akifanya kazi na samaki, kwa sababu asipoambiwa hatafikiria.

Kuhusu Sadallah, dada, ushauri wangu ni upokee posa yako yaishe. Ni mtu mwenye watu. Twaha ni kijana, atapata mwingine. Ugomvi wa wanawake kwenye masufuria haufai kuandikiwa barua.

Mdogo wako,
Suleiman

*

Tandika
25 Septemba 1994

Suleiman,

Marahaba. Nakushukuru kwa yote uliyojibu kwa utaratibu, nimeyasoma mara tatu, na lile la mwisho nimelisoma mara moja tu maana halikuwa swali langu.

Salamu za huku: mtoto wa jirani Rosalia kapata nafasi ya kwanza darasani, ninasema ni kwa sababu anakula vitumbua vyangu. Yule Rosalia mpiga chapa, Mhaya, aliyemzika mdogo wake mwaka jana. Vitumbua nimepunguza kidogo, mchele umepanda.

Nimempeleka Twaha kwa daktari wa ngozi, anaitwa Gaudens, kijana tu lakini anasikiliza. Nilipotaja samaki akaweka kalamu chini. Kamkata kijinofu cha mkono, kasema kitapandwa maabara, na vijidudu hivyo ni vivivu kuota, huenda ikachukua wiki sita au nane. Akashauri na damu ipimwe. Twaha alikubali kabla sijafungua mdomo. Majibu ya damu yametoka, ni safi.

Nilimwambia Rosalia kwa furaha. Akaniuliza kwa upole, "Mama Twaha, na ingekuwa siyo safi?" Nilimmiminia chai. Lakini swali lile bado liko ndani ya nyumba yangu, halijatoka.

Sasa Twaha kanieleza kazi yenyewe ilivyokuwa, maana mwanzo alinificha. Samaki wanaletwa na ndege ndani ya mifuko ya maji, weupe. Unamkamata mmoja kwa kitambaa kibichi, yumo mkononi anapapatika, unamdunga hapa na hapa na hapa, unamtupa kwenye tangi jingine, unashika wa pili. Kutwa nzima. Sindano moja mpaka iwe butu, na ikiwa butu inateleza, inakudunga wewe. Asubuhi wanaanza kwa kuokota wafu kwa chujio. Nilimwuliza, mwanangu, hukuona vibaya? Kasema aliona, lakini mimi nilikuwa najisifu sana mtaani.

Tangi nikalifunika kwa kanga siku mbili.

Kuna jambo jingine kanieleza. Sadallah mwenyewe, kuanzia mwezi wa tatu, hakutia tena mkono majini bila glavu ndefu za mpira, zinafika mpaka kiwiko. Jozi moja, akitoka anazifungia kabatini. Vijana wote mikono mitupu. Twaha alipoomba, akaambiwa glavu zinamfanya mtu asimhisi samaki.

Sasa mie nauliza. Sadallah si mtu wa kusoma vitabu vya samaki. Nani alimwambia?

Dada yako,
Mwajabu

*

Tandika
13 Novemba 1994

Suleiman,

Wiki saba. Treni imefika Dar es Salaam mara ngapi katika wiki saba? Nimemwuliza kijana wa stesheni, kanihesabia. Salamu zako ziko hapo chini ukifika.

Majibu ya nyama yametoka. Daktari Gaudens kaandika kwa mkono wake na kupiga muhuri: ni vijidudu vya maji ya samaki, si kitu kingine, na havimpati mtu kwa kumshika wala kula naye. Twaha yuko kwenye dawa, kidonda cha chini kabisa kimeanza kukauka. Nimeifunga karatasi ile kwenye nailoni, nimeitia chini ya godoro.

Samaki kabaki mmoja, yule wa waridi, ila waridi lenyewe limebaki doa karibu na mgongo. Mwili wote ni kioo, namwona chakula kikishuka. Nimemzoea. Mwanzoni nilitaka kumpondea barazani kwa Mwanaheri. Sasa namlisha kwanza kabla sijanywa chai.

Na kwa kuwa wewe huandiki, mie nitaandika ukweli wangu ili uone haya. Vitumbua havinunuliwi. Tangu mwezi wa nane. Watu wanapita na sahani zao kwenda kwa Sesilia, muuzaji mwenzangu, wananisalimia vizuri kabisa, hawanunui. Wanasema mama anakoroga unga nyumba moja na yule kijana. Sinia linarudi kama lilivyotoka, nawapa kuku wa jirani. Sikukuambia, kwa sababu sijapata kumwambia mtu yeyote kwamba kitu changu hakiendi.

Halafu Mungu kaniletea njia kutoka upande wao wenyewe. Munira kapata mchumba mwingine, watu wa Msasani wenye mahoteli. Lakini babu wa mchumba huyo ni mtu wa dini, kasema yeye haposi juu ya posa ya Mwislamu mwenzake. Kwanza anataka kujua ile ya kwanza imerudi kihalali, kwa wazee, na watu wake wawepo wasikie. Mfuko wa plastiki kaukataa. Sasa Mwanaheri kaanza kunitumia watu, mama Twaha tunaomba siku, mama Twaha tusameheane. Juzi kaja mwenyewe mpaka mlangoni na manukato yake, kasimama nje ya kizingiti, hakutaka kukanyaga ndani. Nikamwambia siku nitaitaja mie. Akasema, "Haya, dada yangu." Dada yangu, Suleiman. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kwa hiyo siku hiyo watakaa kwangu wazee wake, wazee wangu, wazee wa Msasani, na wale wanawake wa masufuria nitawaalika mmoja mmoja, nina majina yao. Karatasi ya daktari itasomwa. Itawafunga mdomo kuhusu ugonjwa. Lakini haisemi kwamba Sadallah alijua, na mie nataka hilo.

Twaha kakumbuka kitu. Mwezi wa tatu, bahasha ya serikali, muhuri wa Kigoma, mwandiko anaoujua tangu utoto kwa sababu ndio uliokuwa ukimwandikia kadi za Idi. Ilikuwa mezani kwa Sadallah. Siku chache baadaye glavu zikanunuliwa.

Nakujua, Suleiman. Wewe hata ulipomwandikia baba kuomba viatu vya shule ulibaki na nakala. Huwezi kushika kalamu bila kaboni chini yake. Nataka hiyo nakala.

Mwajabu

Salamu: Salma hajambo? Bati upande wa pili mmeshamaliza? Nani anawauza wale samaki wa rangirangi wa ziwani kwenu, na wanapofika Dar hununuliwa na nani? Najiuliza tu.

*

Kigoma
4 Desemba 1994

Dada,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kutosha kujaza mstari. Watu ni wazima.

Nakala hii hapa, imo ndani ya barua. Ni ya tarehe 9 Machi.

Sadallah aliniandikia mwezi wa pili. Kijana mmoja wa godauni alikuwa amerudi kwao Moshi vidole vimevimba na vidonda, akataka kujua ni nini. Nilimjibu kama utakavyosoma. Nilimwandikia awape wote glavu. Neno "wote" nililipigia mstari. Kisha sikuuliza tena kama alifanya.

Twaha alikuwa pale, na nilijua yuko pale. Ningeweza kumwandikia yeye mstari mmoja. Niliogopa aache kazi na Sadallah aniulize nani kamwambia. Samaki wa rangirangi wa ziwani anaowapeleka Salma hununuliwa na Sadallah peke yake. Pande zote mbili za bati zimetoka huko. Uliniuliza habari za bati mara mbili na sikujua kama unajua.

Barua yako ya mwezi wa nane niliijibu kitaalamu kwa sababu utaalamu ulikuwa rahisi.

Tumia nakala hii upendavyo. Naomba tu jina langu lisitajwe mbele za watu; isomwe kama barua ya mtaalamu. Nina miaka sita kabla ya kustaafu.

Suleiman

*

Tandika
1 Januari 1995

Suleiman mdogo wangu,

Marahaba. Mwaka mpya umetukuta wazima. Twaha anakusalimu, kidonda kimoja tu kimebaki, kile cha juu, na anaukunja mkono sawasawa. Anatengeneza baiskeli za watu barazani, na ana wateja. Lazima niseme hakuna fundi anayenyoosha gurudumu kama yeye kutoka hapa mpaka Mbagala. Rosalia kaanza kununua vitumbua vyangu na kuvipeleka ofisini kwao bila kusema vimetoka wapi. Kanambia juzi tu, baada ya wenzake kuvila.

Nakala nimeisoma. Naijua sasa kwa moyo: "Wape wafanyakazi wote glavu ndefu, na yeyote mwenye mkwaruzo asitie mkono majini. Vidonda hivi hutokana na samaki waliodungwa, si maradhi mengine, asije mtu akasingiziwa." Umeandika vizuri. Uliona mpaka yatakayosemwa kwenye masufuria, miezi mitano kabla ya Mwanaheri kuyasema. Sadallah alilala na karatasi hii ndani, mkewe akaenda harusini akasema aliyosema, na yeye akamwacha.

Nilimsomea Twaha. Akauliza, "Mjomba alijua niko pale?" Nikamwambia muulize mwenyewe.

Kwa hiyo nimekurudishia nakala yako, imo humu. Usishtuke. Nimetoa fotokopi tatu Kariakoo, moja iko kwa Rosalia, moja kwa Daktari Gaudens, moja kwenye nailoni chini ya godoro. Nami nimejifunza kutoka kwako. Lakini sitaisoma mie, wala haitasomwa kama barua ya mtaalamu asiye na jina. Itasomwa na aliyeiandika, kwa mdomo wake, akiwa amekaa kati ya Sadallah na Twaha. Nimeshapanga mikeka. Unayo nafasi yako na nimeweka mto.

Usidhani nimekasirika nikasahau wewe ni nani. Wewe ni mtoto niliyekubeba mgongoni mpaka nikapata alama za vidole vyako shingoni. Ndiyo maana sitaki fotokopi. Usipokuja itasomwa vilevile, na jina lako nitalitaja kwa sauti, na la ofisi yako, na nitaeleza bati. Ukija, utalitaja mwenyewe, na watu wataona kwamba mjomba wa Twaha kapanda treni kutoka Kigoma kuja kusimama na damu yake. Chagua. Nauli utaitoa kwenye samaki wa Salma.

Mpango ni huu. Nitawapikia pilau, wale kwanza, wasije wakasema niliwatukana wakiwa na njaa. Sahani nitaziandaa mie na Twaha atazigawa kwa mkono ule ule, na asiyetaka kupokea atakataa mbele ya mzee wa Msasani. Sufuria litasimamiwa na wale wanawake wa Kinondoni, wote ishirini na mbili wamekubali kuja, nimewaambia ni shughuli. Rosalia atakaa mbele kabisa. Nimemwambia hivi: siku hiyo nitasema kwamba mwanangu hana ule ugonjwa kwa sababu ndio ukweli, lakini nitasema pia kwamba angekuwa nao angekula sahani moja na mie, na mlango wangu ungekuwa wazi. Nilichelewa kulijibu swali lake, nitalijibu hapo.

Tangi litawekwa katikati. Samaki bado yu hai. Lile doa la waridi karibu limekwisha, limebaki kama kucha ya mtoto. Nataka Mwanaheri amtazame wakati wewe unasoma, alione lile lililokuwa chini ya rangi waliyoniletea nyumbani kwangu. Kisha atasema mbele ya wale wanawake kwamba alidanganya, kwa maneno yale yale na sauti ile ile. Na Sadallah atasema alijua. Hapo ndipo nitapokea posa yangu, na babu wa Msasani atakuwa ameijua nyumba anayotaka kuposa.

Bado kuna jambo moja siliwezi. Leso. Mwanaheri kaapa kwamba haipo, kageuza nyumba nzima. Lakini Twaha kapata habari kwamba Munira anayo, kaishona ndani ya mto wake, na hajamkubali yule wa mahoteli kwa mdomo wake hata mara moja. Nimewaambia bila leso sipokei, na aliyeificha ailete mwenyewe kwa mkono wake. Sijui atakuja nayo kuirudisha au atakuja nayo ameifunga kidoleni kama pete. Twaha kanikataza kumlazimisha. Siku hiyo nitawatazama wao wawili tu, na nitafanya watakalo, hata kama itanibidi kumwita Mwanaheri mkwe. Hilo likitokea nitakuwa nimelipiza zaidi ya nilivyoomba, maana atanikuta jikoni kwake kila Idi mpaka nife.

Ofisi yako iombe ruhusa mapema. Panda treni ya Alhamisi ya tarehe 19, Jumamosi uko kwangu, ulale, uoge. Tunawahi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Tunakutana Jumapili, tarehe 22 Januari, baada ya sala ya adhuhuri, barazani kwangu Tandika. Wote watakuwapo.

Dada yako,
Mwajabu